Lango Lililofungwa Siku ya Ruracio Yangu

Siku wageni kutoka Kangeta walipofika kwetu kwa ruracio yangu, ile sherehe ya mahari, mimi mwenye siku nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya waya wa stima, nachimba mchanga kwa kofia ya baiskeli.

Nyuma yangu ndovu. Mbele yangu lango limefungwa kwa mnyororo na kufuli la ukubwa wa ngumi.

Wengi mmeniuliza huko inbox kwa nini sikuolewa mwaka jana na nguo ilikuwa imeshashonwa. Wengine mmejijibu wenyewe, eti nilipatikana na mtu. Nimenyamaza vya kutosha. Leo naeleza yote, na atakayeudhika aniwie radhi.

Naitwa Mukami. Kwetu ni Mbeere, kule chini Embu kwenye joto, ambako hata mbuzi hutafuta kivuli kabla ya chai ya saa nne. Lakini naishi Embu mjini, nafanya kazi kwenye duka la miwani. Kazi yangu ni kuwaambia watu wasome herufi ukutani, na kuwavumilia wanaobahatisha.

Na ninaendesha baiskeli.

Si ile ya kubebea mitungi ya maji. Hii ni ya tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Niliinunua ikiwa imeshatumika, nikaipaka rangi ya kijani mwenyewe. Ni kitu cha kwanza maishani nilichokichagua bila kuuliza mtu.

Barabara ninayoipenda ni ile inayoizunguka hifadhi ya wanyama kule karibu na mabwawa. Magari ni ya kuhesabu. Kanga huvuka njia bila haraka, maji ya bwawa yanang'aa upande mmoja, na upepo unakupoza uso. Huko hakuna anayekuuliza utaolewa lini.

Sasa, Mugambi.

Mugambi nilikutana naye Kiirua. Waendeshaji wa Embu tulikuwa tumealikwa na wenzetu wa Meru tuzunguke nao barabara ya Nanyuki. Tairi yangu ikatoboka, na wakati wengine walipita wakinipungia mkono, yeye alisimama akaiziba. Mfanyabiashara wa miraa pale Kangeta, kule Igembe, Meru, mrefu, mcheshi, mikono safi. Nikaingia boksi mzima mzima.

Baada ya muda akaninunulia simu.

"Washa hii location, mpenzi," akaniambia. "Barabara zenu ni mbaya. Mimi nataka tu kujua uko safe."

Niliona ni mapenzi. Nani hapendi kuulizwa kama amefika?

Halafu maswali yakaanza kubadilika rangi. Mbona umesimama Kiritiri muda huo wote? Huyo mwenye hoteli ni mwanamume? Jumapili iliyopita ulipita njia ingine, ulikuwa unatoroka nini?

Siku moja akanishika shavu taratibu, akasema, "Ukishakuwa wangu hiyo kaptura tutaichoma. Na hiyo kazi ya miwani utaacha. Kangeta hutakosa kitu."

Alisema akitabasamu. Nami nikatabasamu.

"Tutaona," nikamjibu.

Hapo ndipo mnijue vizuri. Mimi sijawahi kumwambia mtu hapana usoni. Nikiombwa kitu nisichotaka nasema tutaona, halafu naomba Mungu yule mtu asahau. Mugambi hakuwa mtu wa kusahau.

Sasa sikilizeni ilivyokuja kuharibika.

Siku moja wazee kutoka Kangeta walifika nyumbani kwa Baba bila taarifa. Walikuwa wakiongozwa na mzee mmoja mtaratibu sana aitwaye M'Ikiara. Wakasalimia, wakanywa uji, wakaacha kifurushi cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Hawakusema mengi. Wakaaga.

Baba yangu, Mzee Munyi, ni mtu wa muguka. Kwetu ndiyo tunayopanda, majani madogo, unatia shavuni na maisha yanaendelea. Ile miraa ya Igembe yenye vijiti virefu vyekundu huku kwetu huja kwa nadra, kama nyama ya Krismasi. Kwa hiyo Baba alimwita rafiki yake Gachoki, ambaye walitahiriwa pamoja na ndiye mlinzi wa lango moja la hifadhi. Wakakifungua kifurushi. Wakatafuna mpaka jioni, wakiusifu ukarimu wa watu wa Igembe.

Kumbe kule Igembe, kifurushi kilichofungwa hivyo kikiletwa kwa baba wa msichana, huwa ni swali. Ukikirudisha jinsi kilivyo, umekataa posa. Ukikifungua ukatafuna, umemtoa binti.

Baba alitafuna mpaka kijiti cha mwisho.

Haikupita wiki, simu ya Baba ikalia. M'Ikiara alikuwa akishukuru kwa jibu jema, akisema watakuja Jumamosi fulani na mbuzi na asali. Baba akanipigia sauti ikiwa chini kabisa.

"Mukami, kumbe mimi nimekuoza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Huyo kijana wa Kangeta unamtaka?"

Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeushika ni baba yangu mzazi.

"Tutaona, Baba," nikasema.

Kisha akasema, "Haya basi. Mimi nilishameza. Mtu mzima hawezi kutema kitu ameshameza mbele ya watu."

Ndivyo nilivyojikuta na siku ya ruracio.

Wikendi moja kabla ya siku hiyo nilishuka nyumbani kusaidia kupanga. Badala ya kupanga, nilikaa nyuma ya ghala nikiosha cheni ya baiskeli kwa mafuta ya taa. Niliiosha mpaka ikaisha uchafu, nikaendelea kuiosha. Nilikuwa nalia, na nilidhani hakuna aliyeniona.

Jumamosi yenyewe ikafika. Nguo ilikuwa imetangulia na dada yangu Lorna. Mugambi alitaka kunitumia gari, nikamwambia nitashuka na baiskeli, asubuhi na mapema, nitafika kabla ya wageni.

Akaniandikia: "Leo pia? Sawa. Lakini ni ya mwisho."

Niliondoka Embu ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai. Ukishuka kutoka kule unavua nguo kidogo kidogo. Koti linaondoka, kisha glavu, ukifika chini umebaki na fulana na jasho. Nilikuwa nakanyaga huku najiambia niangalie kila kitu vizuri, maana sitarudi. Nilimwangalia mpaka mama aliyekuwa anaanika ndengu kando ya barabara kama vile ni jamaa yangu.

Njia ya kwetu inakata pembe ya hifadhi. Kuna lango la kuingilia upande wa Embu, na lango la kutokea upande wetu, na katikati ni lami nyembamba, vichaka na kimya. Asubuhi hufunguliwa watu wapite, jioni hufungwa kwa sababu ya ndovu. Njia nyingine ni ya kuzunguka bwawa lote, mawe matupu, na tairi zangu zingelia.

Kwenye lango la kwanza kijana wa zamu alinipungia mkono.

"Pita tu, madam. Leo njia iko clear."

Nikapita. Mle ndani palikuwa na ubaridi kidogo na harufu ya majani makavu. Kwa mara ya kwanza tangu Baba anipigie ile simu, nilipumua mpaka chini. Niliimba hata.

Nikafika lango la pili. Limefungwa.

Nikashuka. Hilo lango ni la Gachoki, na Gachoki ninavyomjua hufungua mapema kuliko jogoo. Nikaita. Kibanda chake kilikuwa kitupu, kiti kimegeuzwa juu chini. Lango lenyewe limezungushiwa nyaya za stima kama ua mzima wa hifadhi, na ukisimama karibu unasikia ule mlio wake, tik, tik, tik. Kupanda haiwezekani.

Kwa upande wa pili akatokea mwendesha boda na gunia la ndengu nyuma.

"Kaka, Gachoki yuko wapi?" nikamwuliza.

"Ameenda sherehe kwa Mzee Munyi. Msichana wake anaolewa leo."

"Ni mimi huyo msichana."

Akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Vumbi, kaptura ya kubana, jasho linachuruzika.

"Wewe?" Akacheka mpaka gunia likatikisika. "Msichana wa Munyi saa hii wanamvalisha. Wewe rudi tu nyuma, gate ya huko iko wazi."

Akageuza pikipiki akaenda zake. Simlaumu sana. Hata mimi nisingeamini.

Basi nikarudi nyuma. Sikufika mbali. Baada ya kona ya kwanza nikashika breki mpaka tairi ya nyuma ikateleza.

Ndovu walikuwa wamesimama barabarani. Majike na mtoto. Yule mkubwa zaidi aligeuza kichwa taratibu, akatandaza masikio.

Sisi wa kule tunalelewa na hadithi za ndovu. Wengine tumelelewa na makaburi ya waliouawa nao. Mwenye mtoto huwa hana mzaha. Nilishuka bila kupumua, nikaivuta baiskeli kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kona ikanificha.

Nikarudi kwenye lango. Nikaingoja bahati yangu.

Jua likapanda. Kivuli cha kibanda kilikuwa upande wa nje, naweza kukiona lakini siwezi kukifikia. Maji ya chupa yakaisha. Kutoka mbali, upepo ukigeuka, nilisikia nyimbo za akina mama. Zilikuwa nyimbo za kupokea wageni. Walikuwa wananiimbia mimi.

Simu ilikuwa na chaji kidogo sana, maana ile location huila usiku na mchana. Mtandao unaingia na kutoka. Nikampigia Baba, haiendi. Nikampigia Lorna, haiendi. Ndipo ujumbe ukaingia wenyewe.

Mugambi: "Nakuona umesimama. Uko na nani hapo?"

Nilisoma mara ya kwanza nikafurahi kwamba kuna mtu anajua nilipo. Nikajibu haraka.

"Nimefungiwa ndani ya hifadhi. Kuna ndovu. Mwambie Baba amtume Gachoki na funguo."

Nikasubiri. Jibu likaja.

"Hizo ni story za jaba, uongo wa watafuna miraa. Wazee wangu wako hapa. Mwambie huyo uko naye akulete na uvae nguo ya heshima."

Nikaisoma tena. Nikasema labda sijaelewa. Nikaanza kuandika kwamba hakuna mtu, tafadhali, niko peke yangu, naogopa. Simu ikazima katikati ya sentensi.

Nilikaa chini kwenye lami ya moto.

Niseme ukweli, ndovu walinitisha, lakini hawakuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba mtu pekee duniani aliyejua mahali niliposimama hakutaka kujua kama niko hai. Alitaka kujua niko na nani. Nikaona maisha yangu yote ya mbele, nimekaa Kangeta kwenye nyumba isiyokosa kitu, nikieleza kwa nini nilisimama.

Nililia. Nililia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuninyamazisha.

Kisha tawi likavunjika pale konani.

Walikuwa wanakuja. Hawakuwa na haraka, wanakula huku wanatembea. Njia ya kwenda majini inapita pale pale langoni, na jua lilikuwa limekuwa kali. Nilikuwa nimekaa kwenye njia yao ya kwenda kunywa maji.

Niliangalia ua huku na huku kama mwehu. Upande wa kushoto wa lango kuna mfereji uliochimbwa na mvua, unapita chini ya nyaya. Walinzi walikuwa wameuziba kwa mawe na miiba. Nikavua kofia nikaanza kuchimba.

Miiba iliniingia mpaka chini ya kucha. Jiwe nikitoa, mchanga unarudi. Tik, tik, tik, juu ya kichwa changu. Wakati fulani niliinua kiwiko kidogo tu, waya ukanipata. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu amekupiga na ubao kutoka ndani ya mwili wako. Niliuma ulimi, nikajikuta nimelala chali, mdomo una damu, naangalia mawingu.

Ndovu mkubwa sasa alikuwa ameonekana mwili mzima. Alisimama, akainua mkonga, akanusa upande wangu.

Shimo lilikuwa linatosha mtu mwembamba. Mtu mwenye akili angepita akaiacha baiskeli. Ndovu hawana shida na baiskeli.

Mimi nilitoa magurudumu.

Nikalegeza usukani nikauzungusha ukalala, nikaitanguliza fremu ya kijani chini ya waya, kisha magurudumu, nasukuma kwa kijiti kikavu, nasali kwa Kiswahili na Kimbeere kwa pamoja. Wengine mtaniita mjinga. Lakini nilikuwa nimeamua. Kama natoka mle ndani, natoka na kitu nilichokichagua mwenyewe.

Kisha nikalala kifudifudi, shavu mchangani, nikajivuta. Waya ulinipitia juu ya mgongo nisiweze hata kukohoa. Nilipotoa miguu upande wa pili nikageuka. Yule ndovu alikuwa pale nilipokuwa nimekaa, ananusa chupa yangu tupu. Mtoto wake alikuwa nyuma ya mguu wake. Hata hakuniangalia tena.

Nikarudisha magurudumu mikono ikiwa myeusi kwa grisi. Nikakanyaga kwenda nyumbani.

Mnajua kilichokuwa kichwani mwangu? Mtashangaa. Nilikuwa nawaza Baba ataaibika. Kwamba nimemchelewesha. Nilitoka chini ya waya wa stima nikakimbilia kule kule nisikotaka kwenda.

Nilipoingia uwanjani nyimbo zilikatika. Lorna alishika mdomo. Akina mama walisimama na vijiko vyao. Chini ya hema, wageni wa Kangeta walikuwa wamevaa makoti yao mazuri, na katikati yao Mugambi, suti ya bluu, mikono safi.

Gachoki alikuwa karibu na jiko na mfupa wa mbuzi mkononi. Akaniona. Mfupa ukaanguka.

"Sasa wewe umepitia wapi," akasema, "na mimi si nilifunga?"

Watu wote walisikia.

"Ulifunga nini?" nikamwuliza.

Alimtazama Baba. Baba akainuka kwenye kiti, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala, pale pale nilipokuwa nimeoshea cheni.

"Mwari," akaanza, akakwama. Baba huniita hivyo tu akiwa na jambo zito. "Mimi ndio nilimwambia afunge."

Nilimkodolea macho.

"Nilijua utakuja na hiyo baiskeli. Nikasema akikuta lango limefungwa, atarudi nyuma azunguke bwawa. Afike jioni. Wageni watakuwa wamechoka, wamerudi kwao. Pombe hainyweki kama msichana hajaulizwa, na mtu hayuko haulizwi. Hiyo ndovu mimi sikujua, Mukami. Ningejua ningeenda mwenyewe."

Hapo ndipo alipoiona damu mdomoni mwangu. Uso wake ulibadilika. Alitoa leso mfukoni, akanipangusa.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Nilikuuliza. Ukasema tutaona."

"Ungewaambia wao hapana."

"Na nilikuwa nimetafuna?" Akainamisha kichwa. "Nilikuona hapa ukiosha cheni na unalia. Nikasema huyu hatasema, na mimi siwezi kusema. Wacha lango liseme."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika, nusura nikanyagwe. Lakini nilimwangalia yule mzee na leso yake, nikaona tumefanana mno. Wote wawili tulikuwa tumejifungia ndani, kila mtu akingoja mwenzake apate ufunguo.

"Twende, Baba," nikasema. "Niulize mbele ya watu."

Lorna alitaka nibadilishe nguo kwanza. Nikamwambia baadaye. Nilisimama mbele ya wageni na kaptura yangu na grisi yangu.

Mugambi alikuwa wa kwanza kusema, sauti laini kabisa. "Mukami, tumekungoja sana. Ulikuwa wapi?"

"Ujumbe wangu haukufika?"

"Ujumbe gani?"

Mzee M'Ikiara akageuka kumtazama. "Lakini kijana, si umetuambia mmeongea, ati ako saluni?"

Mugambi akaangalia viatu vyake.

Baba akachukua pembe ya pombe ya asali, ikiwa imejaa mpaka juu. Akaniuliza vile baba wa kwetu huwauliza binti zao.

"Mukami, pombe hii ya watu hawa, tuinywe?"

Nikasikia kuku akiparua nyuma ya jiko. Neno langu la kila siku lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nikalimeza pamoja na damu.

"Hapana, Baba. Msinywe."

Sauti ilitoka ndogo na imekwaruza. Lakini ilifika.

Mama mmoja akamtaja Mungu polepole, "Ngai." Mugambi aliinuka, akaanza kusema kwamba miraa ilishaliwa, kwamba mzee alishatoa jibu. M'Ikiara akamwinulia mkono kumkatiza.

"Mzee Munyi," akasema, "wakati unafungua kile kifurushi, ulikuwa unajua ni ya nini?"

"Nilidhani ni zawadi," Baba akajibu. "Mzee mwenzangu, mimi ni mtu wa muguka. Nilitafuna kama zawadi."

M'Ikiara alimgeukia Mugambi tena, na safari hii hakumtazama kama kijana wake.

"Si ulituambia umeeleza huyu mzee kila kitu? Si ulisema msichana mwenyewe ndio ametutuma?"

Wale wazee walisimama mmoja baada ya mwingine. Hawakutukana. M'Ikiara alivaa kofia yake, akamwambia Baba kwamba kilichofunguliwa hakiwezi kuachwa hivyo. Atafute kifurushi kama kile, kimefungwa vile vile, akipeleke Kangeta mwenyewe. Baba akakubali. Wakaondoka na mbuzi wao na asali yao, na Mugambi akafuata nyuma bila kuniangalia.

Jioni ile Gachoki alikuja kuniomba msamaha na kilo mbili za sukari. Nilimsamehe. Sukari nilichukua.

Baadaye kidogo mimi na Baba tulipanda mpaka Kangeta. Tulinunua miraa pale pale sokoni, ile nzuri, tukafungiwa na mama mmoja kwa majani ya mgomba. Baba aliipakata mapajani kama mtoto mchanga mpaka kwa M'Ikiara. Aliitazama tu. Ningeapa mate yalikuwa yanamtoka, lakini hakuchomoa hata kijiti.

M'Ikiara alikipokea, akakigeuza, akaona hakijaguswa. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakifungua mbele yetu, akachagua kijiti chekundu kirefu, akampa Baba.

"Sasa tafuna, mzee," akamwambia. "Hii haina mtoto wa mtu ndani."

Baba alicheka mpaka akafuta macho.

Basi ndiyo hayo. Kwa dada zangu na kaka zangu mnaosoma hii, nina moja tu la kuwaachia. Kama una hapana moyoni, itoe mapema, hata kama sauti inatetemeka. Ukiifunika kwa tutaona, anayekutaka kwa nguvu ataichukua kuwa ndiyo. Na anayekupenda ataanza kuhangaika kukusaidia kwa njia zake, afunge hata lango, na ndovu haelewi mambo ya mapenzi.

Simu ya Mugambi nilimrudishia kwa mkono wa M'Ikiara. Nguo Lorna ameipunguza, anaivaa kanisani.

Kesho ni Jumamosi. Nashuka hifadhini asubuhi, na Gachoki ameniahidi lango litakuwa wazi.